Chuma Kilichofundishwa Kutulia: Historia ya Invar

Nondo ya feleji yenye urefu wa mita moja ikiongezewa joto la nyuzi 1 ya Selsiasi hurefuka kwa takriban maikroni 12, yaani sehemu 12 za elfu ya milimita. Mjenzi wa nyumba hasumbuliwi na kiasi hicho, wala seremala. Lakini wimbi moja la nuru ya kijani lina urefu wa karibu nusu maikroni. Chukua darubini ambayo kioo chake kikuu na kioo chake kidogo vimetenganishwa kwa mita moja ya feleji. Usiku ukiingia na joto likashuka nyuzi 10, vioo hivyo husogeleana kwa maikroni 120, na nyota iliyoonekana kama nukta inageuka ukungu.

Kwa zaidi ya miaka 100 jibu la tatizo hili limekuwa aloi moja ya chuma na nikeli iitwayo Invar. Wengi wanaosimulia habari zake huishia kwenye ugunduzi wa 1896. Mimi naona huo ulikuwa mwanzo tu. Joto lilishindwa mapema. Kushinda muda, na kushinda madhara ya mashine yenyewe inayoichonga aloi hiyo, kulichukua karibu karne nzima, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika mbele ya tanuri na mashine ya kukereza.

Mita ya platini, 1875 hadi 1895

Tarehe 20 Mei 1875 mataifa 17 yalitia saini Mkataba wa Mita jijini Paris, na kutokana nao ikaundwa Ofisi ya Kimataifa ya Mizani na Vipimo. Makao yake yakawa Pavillon de Breteuil, katika mji wa Sèvres karibu na Paris. Ilipofika 1889 ofisi hiyo ilikuwa na nondo za mita zilizotengenezwa kwa platini asilimia 90 na iridi asilimia 10, na nchi wanachama zikagawiwa nakala kwa kupiga kura.

Nondo hizo zilikuwa bora, ila bei yake ilikuwa kubwa mno. Serikali iliweza kumiliki moja na kuifungia kabatini. Kiwanda cha ala za kupimia, chuo au kikosi cha wapima ardhi hakikuwa na uwezo huo. Wao walibaki na shaba njano na feleji, na kila kipimo chao kilihitaji kusahihishwa kulingana na joto la saa ile. Hesabu yenyewe ni rahisi endapo joto la nondo linajulikana. Shida ni kwamba kipimajoto hueleza joto la hewa, au la mahali kilipogusa, na chuma huko ndani kina joto lake.

Mwaka 1883 ofisi ya Sèvres ilimwajiri kijana wa miaka 22 kutoka Uswisi, Charles Édouard Guillaume. Alizaliwa 1861 huko Fleurier, katika bonde la Val-de-Travers, ambako saa zilikuwa riziki ya watu, na baba yake mwenyewe alikuwa fundi saa. Sidhani asili hiyo ni jambo dogo. Mtoto wa fundi saa hukua akijua kwamba pendulamu ikirefuka kwa joto, saa huchelewa. Kazi za kwanza za Guillaume zilihusu vipimajoto vya zebaki. Baadaye akaanza kutafuta metali ya bei nafuu ambayo ingeweza kushika nafasi ya platini katika vipimo vya kila siku, akaijaribu nikeli safi, lakini kupata vipande virefu visivyo na nyufa hakukuwa rahisi.

Nondo zilizovunja kanuni, 1895 hadi 1897

Mwaka 1895 mkurugenzi wa ofisi hiyo, J.-R. Benoît, alipima sampuli ya feleji yenye nikeli asilimia 22 na kromi asilimia 3. Kwa kanuni iliyoaminiwa wakati ule, aloi ilipaswa kutanuka kwa kiwango kilicho kati ya viwango vya metali zilizochanganywa. Sampuli ile ilitanuka karibu sawa na shaba njano. Mwaka uliofuata ikaja nondo nyingine yenye nikeli asilimia 30 hivi, na Guillaume akakuta kwamba inatanuka kwa kiwango kilicho pungufu ya kile cha platini kwa theluthi moja. Moja ilipita juu ya kanuni, nyingine ikapita chini yake, na zote mbili zilikuwa chuma na nikeli.

Mtu mwingine angeandika matokeo hayo na kuendelea na shughuli zake. Guillaume aliomba msaada wa kampuni ya Commentry-Fourchambault, iliyokuwa na kiwanda cha feleji huko Imphy, kandokando ya mto Loire. Kiwanda kikamyeyushia aloi moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa na kiasi tofauti cha nikeli, naye akazipima zote kwa uvumilivu wa ajabu. Alipochora matokeo yake, mstari uliteremka ghafla, ukafika chini kabisa kwenye nikeli asilimia 36, kisha ukapanda tena. Pale chini kabisa mita moja ya aloi ilirefuka kwa maikroni 1.2 tu kwa kila nyuzi, yaani moja ya kumi ya feleji. Jina la Invar lilipendekezwa na Marc Thury, profesa wa Geneva.

Katika vipimo hivyo Guillaume aligundua jambo la pili, ambalo naliona zito kuliko lile la kwanza. Kiwango cha kutanuka hakikutegemea mchanganyiko peke yake. Kipande kilichopoa polepole baada ya kufuliwa kilitanuka zaidi ya kipande kilichotumbukizwa majini kikiwa chekundu. Waya uliovutwa ukiwa baridi ulikuwa na kiwango cha chini zaidi ya hapo, hata uliweza kufikishwa kwenye sufuri na kuipita. Vipande viwili vya aloi ileile, vilivyomiminwa siku ileile, viliweza kuwa na tabia mbili tofauti kwa sababu ya mambo viliyotendewa. Tangu hapo mkono wa fundi ukawa sehemu ya fizikia ya Invar.

Waya, saa na mnara, 1898 hadi 1921

Wa kwanza kunufaika walikuwa wapima ardhi. Kila mtandao wa ramani huanzia kwenye mstari wa msingi, kilomita kadhaa ambazo lazima zipimwe kwa usahihi kabla ya kuanza hesabu za pembetatu. Hapo awali kazi hiyo ilifanywa kwa nondo nzito zilizopangwa moja mbele ya nyingine, zikifunikwa zisipigwe na jua, na watu wengi wakishughulika kwa wiki nyingi. Mswidi Edvard Jäderin alikuwa ameonyesha namna ya kupima kwa waya ulioning'inizwa na kuvutwa kwa uzito maalumu. Waya huo ulipotengenezwa kwa Invar, wenye urefu wa mita 24, joto likaacha kuwa kizuizi. Mwaka 1906 urefu wa pango la reli la Simplon, takriban kilomita 20 chini ya milima ya Alps, ulipimwa kwa nyaya hizo kwa siku chache tu.

Afrika Mashariki nayo imo katika ukurasa huu. Mwanaastronomia David Gill, aliyekuwa Cape, alipendekeza mlolongo wa pembetatu ufuate meridiani ya 30 kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri. Kipande cha Uganda kilipimwa 1908 na 1909, Martin Hotine akafanya kazi ya Tanganyika kuanzia 1931 hadi 1933, na pengo la mwisho likazibwa 1954. Katika miongo hiyo nyaya na futikamba za Invar ndizo zilizokuwa nyenzo za kuaminika za kupimia mistari ya msingi duniani, hasa mahali ambapo jua la mchana na baridi ya alfajiri hutofautiana sana.

Guillaume mwenyewe aliunganisha waya wa Invar kati ya ardhi na jukwaa la pili la mnara wa Eiffel, akaurekodi mnara huo ukipanda na kushuka kadiri jua na mawingu yalivyopokezana. Huko Munich, Sigmund Riefler alitengeneza pendulamu za feleji ya nikeli ambazo vituo vya kuangalia nyota vilizitegemea. Saa ya W. H. Shortt, yenye pendulamu ya Invar ndani ya chombo kisicho na hewa, ilifungwa katika kituo cha Edinburgh mwishoni mwa 1921. Saa za mkononi zilipata Elinvar, aloi ya kamani ambayo unyumbukaji wake haubadiliki kwa joto.

Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya 1920 ikatunukiwa Guillaume. Tuzo iliyofuata ilikuwa ya Albert Einstein, na wapo wanaodhani kwamba mpimaji wa nondo hakustahili kutajwa karibu na jina hilo. Sikubaliani nao. Nadharia yoyote ya anga huthibitishwa kwa chombo, na chombo kisichotulia hakithibitishi chochote.

Ukuaji wa kimyakimya

Kulikuwa na doa, na Guillaume hakulificha. Nondo za Invar zilizohifadhiwa mahali penye joto lisilobadilika zilikuwa zinarefuka zenyewe mwaka hadi mwaka, maikroni kadhaa kwa kila mita, kwa kasi iliyopungua bila kukoma. Aliipima mienendo hiyo kwa miongo. Alijaribu kuzipasha nondo joto karibu na lile la maji yanayochemka na kulishusha taratibu mno, na ukuaji ukapungua. Mwishowe alimkamata mkosaji, naye ni kaboni. Hata kiasi kidogo cha kaboni kilichobaki kwenye aloi tangu tanurini hujiunga na chuma polepole na kuibadilisha aloi kutoka ndani.

Kwa mpima ardhi, dawa ilikuwa kuupima waya upya kila baada ya muda. Kwa chombo cha lenzi na vioo dawa hiyo haipo. Darubini ikishafungwa na kusawazishwa, hakuna atakayeifungua kila mwaka kuuliza kama mhimili wake umekua.

Tanuri mara tatu, 1931 hadi 1951

Mwaka 1931, Guillaume akiwa bado mkurugenzi, kamati ya kimataifa ya vipimo iliamua kwamba urefu wa vipande vya viwandani utajwe kwa nyuzi 20. Kabla ya hapo karakana mbalimbali zilifuata joto tofauti, na vipande viwili vilivyokuwa sahihi kila kimoja kwao havikuoana vilipokutana. Enzi hiyohiyo, huko Sendai nchini Japani, Hakaru Masumoto alibadilisha sehemu ya nikeli kwa kobalti, akapata aloi yenye nikeli asilimia 32 hivi na kobalti asilimia 5, ambayo hutanuka chini ya nusu ya Invar ya kawaida. Inaitwa Super Invar. Lakini ikipozwa sana muundo wake wa ndani unaweza kugeuka, na tabia hiyo njema ikapotea moja kwa moja, kwa hiyo haifai kwa kila kazi.

Hatua iliyobadilisha karakana ilitoka Massachusetts. Mwaka 1951 Lement, Averbach na Cohen walichapisha uchunguzi wao juu ya tabia ya vipimo vya Invar. Walitenganisha mambo mawili yaliyokuwa yakichanganywa: mikazo ya ndani inayoachwa na kufua, kuchonga na kupoza ghafla, na ule ukuaji wa kaboni. Kila moja lilihitaji joto lake. Utaratibu uliotokana na kazi yao unatumika hadi leo. Kipande hupashwa hadi nyuzi 830 na kutumbukizwa majini, ili kaboni itawanyike na kiwango cha kutanuka kishuke. Kisha hupashwa nyuzi 315 kwa saa moja, ili mikazo ilegee. Mwisho huwekwa nyuzi 95 kwa siku moja au mbili, ili ukuaji ambao ungetokea kwa miaka utokee upesi ndani ya tanuri.

Utaratibu huo ni maafikiano kati ya mambo mawili yanayovutana. Kuvuta aloi ikiwa baridi kunapunguza kutanuka lakini kunaijaza mikazo. Kuipoza polepole kunaondoa mikazo lakini kunaongeza kutanuka. Anayetaka namba ndogo kabisa kwenye cheti anaweza kuipata, akakabidhi kipande kitakachojikunja baada ya miezi sita.

Mbele ya mashine

Mtu aliyezoea kukereza chuma laini hushangazwa na Invar. Haina ugumu wa kutisha. Ni laini kiasi, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Hung'ang'ania ncha ya kukatia. Chenga zake hazikatiki, hutoka kama nyuzi ndefu ngumu zinazojisokota kwenye kazi na kuukwaruza uso uliokwisha kulainishwa. Ncha ikiwa butu, au ikisita mahali pamoja bila kukata, uso hukakamaa, na mkato unaofuata hukuta ngozi ngumu kuliko ile ya awali. Kukata hesi ndogo kwenye tundu lenye kina ni kazi ya kuvunja tapu.

Joto lake nalo lina vituko. Invar hupitisha joto kwa kiwango cha takriban moja ya tano ya chuma laini, hivyo moto wa mkato haukimbilii ndani ya kipande. Hubaki kwenye makali ya ncha na kwenye tabaka jembamba la uso. Tena tabia yake ya kutotanuka ni ya joto la kawaida tu. Ikivuka nyuzi 200 hivi huanza kutanuka kama vyuma vingine. Uso uliochomwa na ncha butu umetanuka, umekakamaa, kisha umepoa ukiwa umekaza, ilhali sehemu ya ndani haikupata habari yoyote. Ukuta wa milimita 2 uliochongwa namna hiyo ukifunguliwa kutoka kwenye jiliwa hupinda papo hapo.

Mafundi walijifunza kwa gharama. Ncha ziwe kali na zenye mwinamo unaokata badala ya kusukuma. Kasi iwe ndogo kuliko ya chuma laini, ila ncha isonge mbele kwa uthabiti ili ikate chini ya ngozi iliyokakamaa. Kipoozi kimiminike kwa wingi. Kuna aina iliyoongezwa seleni kidogo ili chenga zivunjike; hukatika vizuri, lakini hutanuka zaidi kidogo, kwa hiyo kwenye kazi nyeti huachwa. Zaidi ya yote, kuchonga na kupasha kukafungamana. Kipande huchongwa kwa ukali kikiachwa na nyama ya ziada, hupelekwa kwenye nyuzi 830 na maji, hurudi kuchongwa karibu na kipimo, hupitia 315, hupewa mkato wa mwisho mwepesi kikiwa kimeshikwa kwa upole, kisha hulala kwenye 95. Hupimwa kikiwa kimefikia nyuzi 20 chenyewe, baada ya kupumzika mezani, maana joto la kiganja linatosha kuwadanganya wapimaji wengi.

Kioo na mshikaji wake, 1968 hadi 2017

Mwaka 1968 kampuni ya Schott ya Ujerumani ilianza kutengeneza Zerodur, kioo cha kauri ambacho karibu hakitanuki kabisa, kwa ajili ya vioo vikubwa vya darubini. Ungedhani siku za Invar zimekwisha. Kumbe ilipata kazi nyingine. Kioo hakikatwi hesi wala hakifungwi kwa skrubu. Huhitaji metali ya kukishika, na metali hiyo ikitanuka kuliko kioo itakivuta na kukipinda. Titani hutanuka takriban maikroni 8.6 kwa mita kwa kila nyuzi, aluminiamu 23. Vishikio vya Invar vilivyogundishwa mgongoni mwa kioo vikawa jambo la kawaida katika darubini za ardhini na za angani.

Jaribio gumu kuliko yote lilitokana na chombo cha Cassini, kilichokusudiwa kwenda Zohali. Kamera yake ya pembe nyembamba ilikuwa na urefu wa fokasi wa milimita 2,000. Mihimili ya Invar inayoshika umbali kati ya vioo vyake ilipaswa kuvumilia baridi na safari ya miaka, na hakuna fundi ambaye angeifuata huko kuisawazisha. Wataalamu wa maabara ya JPL na wenzao wa Arizona walirudi kwenye tatizo lilelile la Guillaume, kaboni. Waliandaa Invar yenye usafi wa hali ya juu, kaboni na uchafu mwingine vikiwa vimepunguzwa sana, wakaifuatilia kwa vipimo vya leza kuona kama inakua. Aloi hiyo ikawa na vitu vyote viwili ambavyo kwa miaka mingi vilikataa kukaa pamoja, kutanuka kidogo na kutulia kwa muda mrefu. Cassini ilirushwa Oktoba 1997, ikafika Zohali 2004, ikapiga picha hadi Septemba 2017.

Swali la kwa nini, 1963 hadi leo

Miaka hiyo yote mafundi walikuwa wakiitumikisha aloi ambayo wanafizikia hawakuweza kuieleza kikamilifu. Ilijulikana kwamba usumaku unahusika. Mwaka 1963 R. J. Weiss alipendekeza kwamba atomu za chuma humo zina hali mbili, moja yenye usumaku mkubwa na nafasi kubwa, nyingine yenye usumaku mdogo na nafasi ndogo. Mwaka 1999 watafiti wengine walionyesha kwa hesabu kwamba mielekeo ya usumaku wa atomu inaweza kupotoka kwa namna nyingi zaidi ya hizo mbili. Mwaka 2023 kundi la Brent Fultz huko Caltech lilipima pande mbili za mzani kwa pamoja: mtikisiko wa atomu unaotaka kuipanua aloi, na usumaku unaodhoofika kwa joto na kutaka kuisinyaza. Katika joto la kawaida pande hizo zinakaribia kulingana.

Uthibitisho huo ulikuja miaka 127 baada ya nondo za Sèvres, na haukubadilisha hatua hata moja katika karakana. Imphy bado inayeyusha Invar, na nikeli yake bado ni asilimia 36. Kwa hiyo ombi langu ni kwa wahandisi wanaochora vipande hivi. Msiandike jina la aloi na vipimo peke yake kwenye mchoro. Andikeni kiwango cha juu cha kaboni, andikeni 830, 315 na 95 kila moja mahali pake kati ya mikato, andikeni joto la kupimia, na mpeni fundi muda wa kungoja. Fundi asiyeandikiwa hayo atawapa kipande kizuri kwa macho, chenye vipimo sahihi siku ya kukabidhi peke yake.